Skana au betri: fundi umeme wa magari wa Dodoma aanze na kipi?

Kijana anayemaliza VETA hapa Dodoma akiniuliza aweke wapi akiba yake, naona njia mbili: anunue skana ya kusomea makosa ya gari, au asomee betri kubwa za magari ya haibridi, yale yanayotumia petroli na umeme pamoja.

Skana inalipa leo. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD-II, unaoliwezesha gari kujipima na kutoa namba za makosa yake, kwenye magari mapya tangu 1996, Ulaya ikafuata kwa ya petroli mwaka 2001, na mengi yanayotufikia kutoka Japani yana tundu lake chini ya usukani. Lakini skana haitengenezi gari. Juzi Toyota IST ililetwa taa ya injini ikiwaka, skana ikatoa kodi (namba ya kosa) P0171: mchanganyiko wa hewa na petroli una petroli kidogo mno. Nikafungua sensa inayopima hewa inayoingia kwenye injini, nikakuta vumbi la Kizota limeganda kwenye kile kiwaya chembamba. Nikakisafisha kwa spreyi yake, nikafuta kodi, taa haikurudi. Mwingine angeuza sensa mpya, na mteja angelipa bure.

Betri zina wateja wachache bado, ila ndiko soko linakoelekea. Toyota Prius, gari la haibridi, ilianza kuuzwa Japani 1997, na betri yake ya zaidi ya volti 200 inaua. Bila glavu maalumu zisizopitisha umeme na kuchomoa plagi ya usalama inayokata umeme wa betri, usiguse! Vumbi letu huziba hata feni ya kuipozea, iliyo karibu na kiti cha nyuma.

Mimi ningeanza na skana, na faida yake ya kwanza ikanunue zile glavu.