Prosesa za Kori Nyingi: Ipi Ununue, Ipi Uiache

EPYC 9654, prosesa ya seva ya AMD, ilipotoka mwishoni mwa 2022 ilipangiwa bei ya dola 11,805: kori 96 (sehemu zinazofanya kazi sambamba), na kizidishi, kinachopanga kasi yake, kimefungwa. Kwa mpenzi wa kompyuta hilo linauma. Unatoa pesa yote hiyo, halafu huruhusiwi kuiongezea kasi. Mimi naona tunalilia kufuli lisilo na madhara makubwa. Prosesa hiyo tayari inakula wati 360, kwa hiyo umeme na joto vitakubana kabla ya kizidishi. Kufuli la kuogopa ni jingine kabisa, na liko kwenye mtumba.

Kwa wengi wetu, namba moja ni Ryzen 9 9950X. Ilitoka Agosti 2024 kwa dola 649, ina kori 16, haijafungwa, na inafika gigahezi 5.7. EPYC 9654 inaishia 3.7. Kwenye michezo, kuhariri picha na programu nyingi za kila siku, kori 80 za ziada zitakaa bure.

Ya pili ni Threadripper 7980X, iliyotoka 2023 kwa dola 4,999, kori 64, kizidishi wazi. Inamfaa anayerenda 3D au kukompaili miradi mikubwa kila siku. Weka akiba ya RAM pia, maana inataka DDR5 aina ya RDIMM, na zile za kompyuta ya kawaida haizipokei. Windows nayo hugawa thredi (mikondo ya kazi, miwili kwa kila kori) katika makundi ya 64, hivyo programu ya zamani inaweza kutumia nusu tu ya prosesa yako.

Ya tatu ni EPYC 7742 ya mtumba. Mwaka 2019 iliuzwa dola 6,950, na leo imeshuka mno. Kwa kori 64, chaneli nane za RAM na laini 128 za PCIe (njia za kadi na diski), sioni mashine nzuri kuliko hii kwa anayeendesha kompyuta pepe nyingi, yaani kompyuta za programu ndani ya mashine moja, nyumbani. Ila kuwa macho. Baadhi ya watengenezaji wa seva, Dell wakiwemo, huwasha ulinzi uitwao PSB: fyuzi ndogo ndani ya prosesa huunguzwa mara moja, na tangu hapo itawaka kwenye mazabodi za kampuni hiyo tu. Hakuna wa kuifungua. Kwa macho huwezi kuitofautisha na iliyo huru, kwa hiyo mwombe muuzaji video inayoonyesha ikiwaka kwenye mazabodi ya kampuni nyingine, kama Supermicro, na umbane akubali kurudishiwa. Ukiifunga, kaza skrubu tatu kwa mpangilio ulioandikwa, 1, 2, 3, kwa bisibisi ya kupima nguvu. Ikikaa upande, baadhi ya RAM haitaonekana, nawe utadhani umeuziwa mbovu.

EPYC mpya naiweka ya nne, hata ile 9965 ya kori 192 iliyotangazwa kwa dola 14,813. Wati 500 na chaneli 12 za RAM zina maana kama kazi yako ndiyo inayoilipa, mfano simulizi za kisayansi. Kwa kujifurahisha, hapana.

Xeon E5 za Intel za 2016 ziache. E5-2699 v4 ina kori 22, na 9950X yenye 16 inaiacha mbali.