Countach ya chini ya nyumba: bodi ya alumini, injini ya Ford

Ukilitazama gari hili kwa mbali utaapa limetoka kiwandani Sant'Agata, Italia, kwa Lamborghini wenyewe. Kumbe Lamborghini Countach hii, nakala ya gari la kasi la Kiitalia, ilijengwa na mtu mmoja, Ken Imhoff, chini ya nyumba yake huko Wisconsin, Marekani. Alianza mwaka 1990, na kazi ikamchukua takriban miaka 17.

Countach nyingi za kuiga huvaa bodi ya faibaglasi iliyotolewa kwenye kalibu. Hapa sasi ni ya mabomba ya chuma yaliyochomelewa, kama ilivyo Countach halisi, na bodi ni bati la alumini lililogongwa kwa mkono kufuata umbo la mbao. Kazi hiyo si mchezo. Alumini kadiri unavyoigonga ndivyo inavyokakamaa, na ikikakamaa inapasuka pembeni. Dawa yake ni kuilainisha: unaipaka masizi kwa moto wa asetilini tupu, halafu unaongeza oksijeni na kupitisha moto taratibu mpaka masizi yatoweke. Yakitoweka tu, ondoa moto. Alumini haiwi nyekundu kukuonya kama chuma; ukichelewa kidogo inatoboka, na kipande cha siku nzima kimekwenda. Kwenye matao ya magurudumu ya gari hili, ambako fundi wengi huficha makosa kwa puti, mkunjo umetulia.

Lakini sifa kubwa zaidi tunaiweka kwenye mashine. Countach halisi ina V12 (injini ya silinda 12) iliyogeuzwa: giaboksi inakaa mbele, katikati ya viti, na shafti inarudi nyuma kupitia ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) hadi kwenye difu, inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma. Kuunda mpangilio huo nyumbani ni kujitafutia maradhi. Imhoff alifunga V8 ya Ford 351 Cleveland, lita 5.8, na giaboksi ya ZF ya gia tano yenye difu ndani yake. Ndoa hiyo De Tomaso, kampuni ya magari ya Italia, iliifunga zamani kwenye gari lake la Pantera, kwa hiyo vipuri vipo na magonjwa yake yanajulikana. Anayelalamika kwamba “si Lamborghini” ajaribu kwanza kutafuta vipuri vya ile V12.

Magonjwa yenyewe ni mawili, na atakayejenga kwa Cleveland ayajue mapema. La kwanza ni oili: kwenye injini hii hupita kwenye tapeti (vipande vinavyosukuma valvu) kwanza, ndipo ifike kwenye beringi nyingi za krenki. Tapeti zikilegea kwenye matundu yake, oili inavujia huko, na kwenye mizunguko mikubwa beringi zinakauka. Mafundi huvalisha matundu ya tapeti bushi zenye tundu dogo la oili. La pili ni thamostati. Cleveland inataka ya kwake, yenye kikombe kinachoziba njia ya pembeni ya maji injini ikipata moto. Ukiweka ya Windsor, V8 nyingine ya Ford, itaingia vizuri kabisa, ila sehemu ya maji itazunguka ndani bila kufika rejeta, na injini itachemka. Watu wamebadilisha rejeta na pampu kwa kosa hilo tu.

Kasoro ya mradi ni moja, nayo ni nzito: mlango. Gari lilipokamilika halikuwa na pa kutokea. Ikabidi kijiko kichimbe mteremko nje na ukuta wa msingi ukatwe ndipo livutwe juu. Pima njia ya kutokea kabla ya bomba la kwanza la sasi.

Kwa anayenunua gari la aina hii, kagua kila mahali alumini inapogusana na chuma. Pasipo mpira au rangi nzito katikati, alumini huliwa na kutoa unga mweupe, hasa chini ya milango. Kisha endesha mpaka injini ipate moto sawasawa, panda mizunguko, na macho yako yawe kwenye geji ya oili. Sindano ikishuka wakati mizunguko inapanda, zima injini na uliza bei ya kufungua krenki kabla ya kuuliza bei ya gari.