Kununua nyota aliyetoka majeruhi kwenye fantasi ya NBA: mwongozo kwa mameneja wa Mtwara na Lindi

Kila Oktoba, minada ya korosho ikianza kupamba moto huku kwetu, minada ya fantasi ya NBA (mchezo wa kununua kwa dola za mchezo wachezaji halisi wa ligi ya kikapu ya Marekani, kisha takwimu zao za mechi zinakuhesabia) nayo inafunguliwa, na lalamiko la mameneja wa Mtwara na Lindi halibadiliki: nyota kanunuliwa kwa bei ya mzima, kacheza kama mgonjwa. Pointi, rebaundi na asisti zake kila mtu anazijua, kwa hiyo sitazigusa. Kinachotuumiza ni saa ya mechi, na miongozo ya Wamarekani hailigusi hilo kwa sababu kwao si tatizo.

Tangu mapema Novemba hadi Machi, New York iko nyuma yetu kwa saa nane. Mechi inayoanza huko saa moja na nusu jioni, Mtwara ni saa tisa na nusu usiku. Mchezaji aliyetoka majeruhi anaweza kuandikwa "mashaka" (haijulikani kama atacheza) mchana kutwa, uamuzi ukatoka anapopasha misuli, na vikosi vinavyoanza hutangazwa nusu saa tu kabla ya mpira kurushwa. Wewe umelala. Akiachwa nje, nafasi yake inabaki tupu, na mtu wako wa benchi aliyefunga pointi 24 hahesabiwi. Ikitokea mara mbili kwa wiki, umeshapoteza vipengele vya rebaundi na asisti vya wiki hiyo kwa tofauti ndogo kabisa.

Los Angeles iko nyuma yetu kwa saa kumi na moja. Mechi yao ya saa moja na nusu jioni kwetu inaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Umeshaswali, chai iko jikoni, taarifa imetoka, unabadilisha kikosi kwa utulivu. Ndiyo maana kati ya nyota wawili wenye jeraha moja na umri mmoja, nitaongeza dola 5 kwa aliye kwenye timu za saa za Los Angeles: Lakers, Clippers, Warriors, Kings au Blazers. Denver, Utah na Phoenix wanafuata. Mechi zao nyingi za nyumbani huanza saa kumi na moja alfajiri au baada ya hapo. Wa Boston, Philadelphia na Miami, wenye saa za New York, nawakata dola 5.

Kwa mechi ya pili ya usiku wa kufuatana, timu hutakiwa kutaja hali ya wachezaji kufikia saa saba mchana wa kwao. Kwa timu za Mashariki hiyo ni saa tatu usiku hapa. Angalia kabla ya kulala. Ukikuta nyota wako ameandikwa "mashaka" kwenye mechi ya pili, mtoe papo hapo, usisubiri.

Sasa bei. Mnunuzi wa korosho ghafi haridhiki na ganda, anakata sampuli aone kiini. Kwa nyota, kiini ni idadi ya mechi. Chukua bei yake akiwa mzima, zidisha kwa mechi unazotarajia, gawanya kwa 82, mechi za msimu mzima. Nyota wa dola 50 unayemtarajia mechi 55 anafika kama dola 33 na nusu. Ongeza 3 kama ligi yenu ya fantasi ina nafasi ya majeruhi (ya kumweka aliyeumia bila kula nafasi ya kikosi), kisha weka au toa zile 5 za saa. Ukivuka hapo, mwache mwenzio amchukue.

Nani wa kununua? Namba moja ni mchezaji kijana aliyekosa msimu mzima kwa kano ya goti (ACL) na anaanza msimu mpya siku ya kwanza. Jamal Murray aliumia Aprili 2021, akakosa msimu wote wa 2021-22, akarudi Oktoba 2022, akacheza mechi 65 kwa wastani wa pointi 20 na kumaliza msimu akiwa bingwa. Kawhi Leonard naye alikosa msimu huo huo kwa ACL, lakini alirudi akiwa na miaka 31, akaanzia benchi, akaishia mechi 52. Zaidi ya miaka 29, punguza bei bila huruma.

Namba mbili ni aliyekatika kano ya kisigino (Achilles), lakini mnunue katika msimu wa pili tangu arudi. Klay Thompson alirudi 9 Januari 2022, akafunga pointi 17 ndani ya dakika 20, watu wakamkimbilia. Msimu huo alicheza mechi 32 tu. Uliofuata, 2022-23, alicheza 69 na kutia mitupo 301 ya pointi tatu. Hata Kevin Durant, aliyerudi na wastani wa karibu pointi 27, alicheza mechi 35 kati ya 72 katika msimu wake wa kwanza.

Namba tatu, anayerudi katikati ya msimu. Tangu 2023-24, tuzo kubwa kama MVP (mchezaji bora wa msimu) zinadai mechi 65. Akikosa 18, tuzo zimeshampita, na timu haina haraka naye. Kama timu yake inapoteza, Machi watampumzisha kabisa, wakati wewe uko kwenye mtoano wa fantasi.

Wa mwisho ni mrefu mwenye goti linalorudia. Joel Embiid alicheza mechi 39 msimu wa 2023-24, kisha 19 uliofuata, tena akiwa Philadelphia, saa za usiku wa manane kwetu. Dola 15, si zaidi.

Wa dola 1? Mnunue mbadala anayeingia nyota wako akikosa, basi.

Kwa upande wa jukwaa la kuchezea fantasi, mimi ni Yahoo. Nafasi yake ya majeruhi iitwayo IL+ inampokea hata aliyeandikwa mashaka, si yule tu aliye nje kabisa, na nyota anayerudi huishi kwenye mashaka miezi mizima. Jihadhari na jambo moja: akishaandikwa mzima huku bado umemweka kwenye nafasi hiyo ya majeruhi, hutaweza kusajili mtu mpaka umtoe. Jua mapema nani utamwacha.

Wanaonikera zaidi ni wauzaji wa Desemba, mameneja wanaotaka mbadilishane wachezaji. Anakuletea video ya nyota akirusha mipira mazoezini, anataka wachezaji wako wawili wazima. Muulize: amecheza dakika 30 katika mechi tatu mfululizo? Amecheza mechi ya pili ya usiku wa kufuatana hata mara moja? Kama hapana, mpe nusu ya anachotaka. Na wasimamizi wanaokusanya ada kisha wanaweka nafasi moja tu ya majeruhi kwa kikosi cha wachezaji 13 wanatuibia raha ya msimu. Wadai IL+ mbili kabla ya kulipa. Mnada ukishafanyika hakuna atakayekubali kubadilisha.