Blanketi la mvua la farasi: anza na mshono wa mgongoni

Aprili mwaka jana ilinyesha hapa Limuru siku nne mfululizo, ile mvua ya manyunyu isiyo na haraka, mchana na usiku. Farasi wangu jike alikuwa malishoni na blanketi jipya la shilingi 14,500, ambalo muuzaji aliniapia halipitishi hata tone. Asubuhi ya tatu saisi, mtunza farasi wangu, akaingiza mkono chini ya blanketi, akautoa, akanionyesha kiganja kinachochuruzika. "Mama, hili ni blanketi au ni chujio?" Tulipolivua tukakuta mstari mmoja wa maji, upana wa vidole vitatu, kutoka mabegani hadi kiunoni. Ubavuni alikuwa mkavu kabisa.

Baada ya wiki mbili mstari uleule ukaota vigaga. Ukikivuta kimoja, kinang'oka na kishungi cha nywele. Hiyo ni kazi ya Dermatophilus congolensis, bakteria anayestawi kwenye ngozi iliyolowa ikakaa imelowa. Jina lake linaitaja Kongo kwa kuwa alielezwa huko kwanza, kwa ng'ombe, mwaka 1915. Nililipa daktari wa mifugo kwa ajili ya mshono wa blanketi.

Kwa hiyo habari za rangi hutazikuta hapa. Saizi pima mwenyewe, katikati ya kifua hadi mwisho wa tako.

Wauzaji wanapenda kukutajia denia. Denia ni uzito wa uzi tu: gramu za mita 9,000 za uzi huo. Denia 1,200 inakuambia blanketi litastahimili miiba na meno ya farasi mwenzake. Kuhusu mvua haikuambii kitu. Kipimo cha maji huandikwa kwa milimita, na 3,000 maana yake kitambaa kilivumilia maji ya kimo cha mita tatu. Vizuri, ila kilichopimwa ni kitambaa. Blanketi langu lilikuwa vipande viwili vilivyoungwa juu ya uti wa mgongo, pale pale maji yanapotua, sindano imeacha matundu mamia na uzi unanyonya kama utambi wa taa. Mvua ya saa moja haikufichulii hilo. Ya siku mbili itakufichulia.

Usije ukalaumu mshono kwa kosa la jasho, lakini. Unyevu uliotapakaa mwili mzima, na una joto, ni blanketi lisilopumua au lenye ujazo mwingi mno (ule wa ndani wa kutia joto, unaopimwa kwa gramu). Kwa baridi ya huku gramu 0 au 50 zinatosha. Unyevu wa mstari, au wa doa chini ya ukanda wa tumboni ulipopigwa cherehani, ni mvua.

Sasa nasema wazi, mimi ni mtu wa Rambo, mablanketi wanayotengeneza Horseware wa Dundalk, Ireland. Lile la toleo la Wug nililonunua baadaye ni kipande kimoja mgongoni, na shingo yake inapanda juu ya kiinuko cha mabega, kwa hiyo maji yanayoshuka kwenye manyoya ya shingo hayapati mlango. Masika yote mwaka huu, mkono wa saisi umetoka mkavu. Nafasi ya pili nawapa Bucas, Waairishi pia, kwa bitana yao inayovuta unyevu utoke nje hata farasi akivishwa akiwa amelowa. WeatherBeeta ya Australia ni ya tatu. Matoleo ni mengi, kagua mgongo wa lile unalolishika.

Ya bei nafuu? Turubai la fundi wa mtaani linazuia maji na linamchemsha farasi. Mitumba sitaki kuisikia: nusu imefuliwa kwa sabuni ya unga na maji moto, na dawa ya kuzuia maji imekwisha zamani.

Kabla hujalipa, litandaze blanketi, kunja bonde dogo juu ya mshono, mimina kikombe cha maji, ngoja nusu saa, kisha pitisha kidole kwenye bitana. Nilipoomba kufanya hivyo dukani, nikaambiwa bidhaa ikilowa imenunuliwa. Bidhaa ya mvua! Na niliporudisha lile la kwanza, yuleyule aliyeapa akasema huenda farasi wangu "anatoka jasho sana". Jasho la mstari, jamani, lililonyooka kama rula. Hakunirudishia hata senti. Lile la Rambo nikaagizia kwa binamu aliyekuwa akitoka Uingereza, tukalipia uzito wa ziada uwanja wa ndege, na bado mzigo wote ulinigharimu chini ya bei ya blanketi hilohilo huku Nairobi.

Chujio lipo bado. Saisi amelikata, analifunikia kuni.