Kozi ya sayansi halisi na sayansi tumizi: nyota nne

Nimeimaliza hii kozi ya mtandaoni jana usiku na kusema ukweli nimeipenda sana, yaani miaka yote nilikuwa nadhani sayansi halisi (ile ya kutafuta kuelewa tu, wakati sayansi tumizi inatumia huo uelewa kutengeneza vitu) ni nadharia za kukariri tu. Somo la tatu ndo limenifungua macho: 1917 Einstein anaeleza jinsi atomu inavyoweza kuchochewa itoe mwanga, alitaka kuelewa tu, hatengenezi kifaa chochote, halafu 1960 mwanafizikia Maiman anatumia wazo hilo hilo kuwasha leza ya kwanza (kifaa cha kutoa mwale mwembamba wa mwanga) kwa kijiti cha rubi, lile jiwe jekundu, na leo leza inasoma bakodi dukani na kurekebisha macho ya watu. Hiyo video ya rubi nimeirudia mara tatu! Maswali ya mwisho ndo dhaifu, wanauliza maana ya maneno tu. Ila mwalimu anaelewesha jamani, chukueni.