Semina ya uongozi niliyojilipia mwenyewe: Jumamosi tatu Kijitonyama

Nilipowaambia walimu wangu kwamba nimelipa 150,000 kwenda semina, mwalimu wa taaluma alitua kikombe cha chai mezani. "Umelipa wewe? Hawakupi posho?" Ndiyo, nimelipa mimi, na nauli ya Rangi Tatu hadi Makumbusho ni ya kwangu. Ofisi nzima ilicheka. Kwa mtumishi wa serikali, semina isiyo na bahasha inataka maelezo, basi haya ndiyo maelezo yangu.

Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi huku Temeke, Dar es Salaam, huu mwaka wa tatu. Kabla ya hapo nilifundisha Hisabati darasa la sita na la saba, na nadhani kufaulisha ndiko kulikonifikisha ofisini. Siku ya makabidhiano nilipewa funguo, mhuri na leja. Namna ya kumwambia mwalimu aliyenizidi umri miaka kumi na mbili kwamba anachelewa kazini haikuwemo kwenye orodha ya makabidhiano. Niliwahi kupita ADEM, chuo cha uongozi wa elimu kilichopo Bagamoyo. Huko nilipata sheria, mipango na hesabu za shule, na bado natumia daftari lile. Kilichonipeleka Kijitonyama ni watu. Tangazo lilisema "uongozi kwa vitendo, kwa viongozi wa shule na mashirika", nikaona ndicho ninachotafuta.

Kampuni yenyewe siitaji, kwa sababu bado nawadai cheti. Ukumbi uko ghorofa ya tatu, una feni mbili na moja inapiga kelele kama cherehani. Tulikuwa washiriki kumi na tisa: walimu wakuu wengi wa msingi, wawili wa sekondari, mameneja wa shule binafsi, na watu watano wa mashirika.

Jumamosi ya kwanza ningetaka nirudishiwe hela. Alikuja kijana mtanashati na slaidi themanini na kitu. Ushauri wake mkubwa ulikuwa tuchague timu bora na tuachane na wasiofaa. Nikanyoosha mkono nikamwambia mimi siajiri. Mwalimu analetwa na barua ya kupangiwa kituo, nami kazi yangu ni kumpokea na kumpa vipindi. Akaniambia nibadilishe mtazamo. Mtazamo wangu hauwezi kuandika barua ya uhamisho, nikakaa chini.

Kwa watu wa mashirika ilikuwa mbaya zaidi. Kitini kilieleza kwamba ukitaka kuanzisha shirika lisilogawana faida unaweza kwenda kusajili kampuni BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, ukaendelea na kazi zako. Dada niliyekaa naye, anayeongoza shirika la watu wanne Yombo, alinisukumia kitini kile huku kakiwekea alama ya kalamu nyekundu. Shirika lake lilikuwa kampuni ya namna hiyohiyo, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 ndiyo yaliyomlazimisha kuhamia kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali. Alizunguka na mafaili mpaka viatu vikaisha soli. Halafu leo analipa 150,000 afundishwe njia iliyofungwa! Kitini kama hicho kinaweza kumwingiza mtu mgeni kwenye matatizo.

Nilirudi Jumamosi ya pili kwa sababu hela ilishalipwa. Mwezeshaji wa siku hiyo alikuwa mzee mmoja, mkuu wa shule mstaafu, shati la kitenge, hana slaidi. Alituambia tupange viti kama kikao cha walimu, akaniteua mimi niendeshe kikao changu cha Jumatatu kama ninavyokiendesha siku zote, dakika thelathini. Wengine wakawa walimu wangu. Dada wa Yombo akapewa simu apime muda: akinyamaza mkuu, asimamishe saa, akiongea, aiwashe.

Nilijiona naendesha vizuri. Nilitoa matangazo, nikakumbusha maandalio ya masomo, nikagusia usafi wa vyoo, nikauliza, "Kuna swali? Haya, tuendelee." Mwisho yule dada akasoma simu: dakika ishirini na saba ni zangu. Tatu zilizobaki, moja ilikuwa ya sala. Mzee hakunicheka. Aliniuliza tu, "Mkuu, ulipouliza kama kuna swali, ulisubiri muda gani?" Nikasema kidogo. Akasema, "Hukusubiri. Nilikuwa nakuangalia mdomo."

Baada ya chai tukafanya zoezi la mwalimu mchelewaji. Nilianza, "Mwalimu, unajua nidhamu ya kazi ni jambo la msingi..." Akanikatiza. "Unahutubia. Umeona nini kwa macho yako?" Nikafikiri. Nilichokiona ni darasa la nne B, Jumanne na Alhamisi, saa mbili na robo, watoto wako peke yao. "Sema hilo, halafu nyamaza. Atakayeanza kuongea awe yeye." Nilirudia mara nne. Kunyamaza ndiko kulikonishinda. Kila mara nilijaza ule ukimya kwa maneno ya kuomba radhi, mara "najua foleni ya Mbagala", mara "si kwamba nakulaumu". Mara ya tano nilibana meno nikahesabu moyoni mpaka kumi na nne.

Jumatatu iliyofuata nilijaribu shuleni. Walimu thelathini na mmoja. Niliuliza swali moja, nikakaa kimya. Wakatazamana kama walioingia msiba wasiomjua marehemu. Hakuna aliyesema kitu. Jumatatu ya pili nikarudia, na mwalimu wa darasa la pili, mpole kuliko wote, akasema, "Mkuu, stoo ya chaki inafunguliwa saa mbili na nusu. Vipindi vinaanza saa mbili." Ufunguo wa stoo ninao mimi. Miaka mitatu watu wanaokoteza vipande vya chaki vya jana, na mimi nahimiza kuwahi darasani. Ufunguo wa pili nilichonga jioni hiyohiyo, kwa 3,000.

Na yule mwalimu wangu mkubwa? Nilimwita ofisini, nikamwambia nilichokiona, nikanyamaza. Akanitazama, akasema, "Nimekusikia, mwalimu," akaondoka. Sasa anachelewa Alhamisi tu.

Jumamosi ya tatu ilikuwa ya fedha na wazazi, wastani. Lililonifaa ni mazungumzo ya michango. Tangu Januari 2016, baada ya ule Waraka Na. 5 wa 2015 kufuta ada na michango, ukimtajia mzazi uji wa shule anakujibu kwamba elimu ni bure. Mzee yule, alirudi kwa saa moja, alitushauri mkutano wa wazazi uanze na karatasi ya ruzuku: zilizoingia, zilizotumika, kwa herufi kubwa, isomwe na mwenyekiti wa kamati badala ya mwalimu mkuu. Sijaufanya bado, mkutano wetu ni mwezi ujao. Chakula kilikuja saa tisa, ubwabwa umepoa na kipande kimoja cha nyama kila sahani.

Cheti waliahidi ndani ya wiki moja. Kilikuja baada ya tano, jina langu la kati limeandikwa la mwanaume. Nimekirudisha.

Nawapa nyota tatu, na zote tatu ni za mzee. Ningependa msaidizi wangu naye ampate, kwa hiyo nimewaandikia WhatsApp kuuliza kama wanaweza kuniuzia Jumamosi ya pili peke yake. Alama mbili za bluu, tangu juzi.