Uzoefu wangu: shoksi na springi za nyuma kwa Honda Fit iliyoshushwa, barabara zetu hizi za Mombasa

Nianze na jibu, nimeridhika sana. Nyuma nimeweka shoksi za KYB zile wanaziita Lowfer Sports pamoja na springi za Tein za kushusha, gari ni Honda Fit GD ile ya kwanza kabisa, na sasa imekaa chini na bado inabeba watu. Naandika hapa manake wakati natafuta kila niliyemuuliza alikuwa anaongea habari ya muonekano tu, ishuke vidole vingapi, rimu inchi ngapi, tairi ijae kwenye fenda, lakini habari ya urefu wa shoksi hakuna aliyeigusa, na kwa nyuma huko ndiko kazi yote iliko.

Gari niliinunua imeshashushwa tayari na mwenyewe wa kwanza. Springi za nyuma zilikuwa zile za kiwandani zimekatwa na grainda, shoksi za urefu wa kawaida hazikuguswa. Ukiendesha peke yako barabara ya lami unaweza kusema iko sawa, sasa mpakie mama mbele, watoto nyuma, tia madumu matano ya maji ya lita 20 kwenye buti (hiyo ni kilo 100 na hali ya maji mitaani mwaijua) halafu toka Kisauni uje Kongowea na matuta yale, kila tuta nyuma inagonga chini du! mpaka watoto wanashika viti. Tuta likipita gari inaendelea kwenda mwendo wa ngamia wa pale ufuo wa Pirates, juu chini juu chini.

Kuna fundi mmoja mtu mzima Changamwe ndiye alinifungulia macho. Nilimuamkia, akalala chini ya gari na tochi, akatoka akaniuliza, "Mwanangu, wataka shoksi ya nini?" Nikamwambia, "Nataka nyuma isiwe inalala nikipakia, mzee." Akasema, "Basi hilo si la shoksi. Springi ndiyo inabeba, shoksi kazi yake kutuliza tu." Na ni kweli kabisa, wengi gari ikilala nyuma wanakimbilia kubadilisha shoksi, wanatumia pesa na gari inabaki pale pale, manake uzito wa gari unabebwa na springi.

Hesabu yake ni nyepesi. Springi ya kilo 3 kwa milimita, ukiiongezea kilo 60 juu yake inashuka milimita 20. Ya kilo 4 kwa uzito huo huo inashuka milimita 15. Kwenye gari ya kawaida hiyo tofauti huisikii, lakini ukishashusha gari nafasi iliyobaki kabla ya kugonga ile raba ya bampstopi (inayozuia chuma kisigonge chuma) ni ndogo, kwa hivyo milimita tano ni mali. Ndio maana springi nzuri ya kushusha inakuja fupi na ngumu kidogo kuliko ya kiwandani. Tena usidanganyike kwa macho, ugumu unatoka sana kwenye unene wa waya, waya ukinenepa asilimia 10 tu ugumu unapanda karibu asilimia 46, mambo mengine yakiwa sawa. Kukata pia kunaongeza ugumu, hilo sikatai, lakini ule mwisho uliokatwa haukai vizuri kwenye kiti chake, na moto wa grainda unaharibu chuma pale pale.

Sasa shoksi. Fit GD nyuma ina bimu moja inayounganisha magurudumu mawili, springi imesimama kivyake na shoksi kivyake, hazijavaana. Ukiweka springi fupi na shoksi ndefu, gari ikining'inia kwenye jeki bimu inashuka mpaka shoksi inapoishia, na springi haifiki huko. Yangu ya zamani nilishika kwa mkono nikaizungusha kwenye kiti chake, gari iko juu! Ukipita shimo kubwa kwa kasi gurudumu likining'inia namna hiyo springi inaweza kuhama mahali pake, na mimi nabeba watoto. Kwa hivyo kabla hujalipa fundi yeyote mwambie ainue nyuma magurudumu yaning'inie, halafu shika springi mwenyewe, ikicheza usiondoke na hiyo gari. Yangu sasa hivi imebanwa hata ikining'inia, haitikisiki.

Na kwa upande wa kubonyea, shoksi ya kawaida kwenye gari iliyoshushwa inafanyia kazi chini kabisa ya mwendo wake muda wote, inakufa mapema. Halafu springi ngumu ikishabanwa inarudi kwa nguvu zaidi, shoksi ya kiwandani haina ubavu wa kuizuia, ndio hiyo kurukaruka. Hizi Lowfer zimetengenezwa kwa ajili ya gari ya chini, springi inarudi mara moja inatulia, basi. Ukiwa umeshusha kidogo sana hata KYB Excel-G mpya ya urefu wa kawaida itakufaa, ni shoksi nzuri ya gesi na bei yake si ya kutisha. Wenye magari ya Ujerumani mkiangalia Bilstein, B6 ni ya urefu wa kawaida, B8 ndiyo fupi ya springi za kushusha, msichanganyiwe dukani.

Kupata ndio shida. Maduka ya spea ya mjini mengi yana za kawaida tu, au zile eksi Japani (zilizotumika kule), na eksi Japani nyingi nilizoshika zilikuwa zimelowa mafuta pale juu kwenye sili, ile raba inayozuia mafuta. Mimi niliagizia kwa jamaa anayeleta makontena, nikangoja, zikaja kwenye maboksi yake.

Siku ya kufunga simama hapo hapo. Shoksi mpya isimamishe wima uisukume chini juu mara kadhaa kabla haijafungwa, ilikuwa imelala kwenye boksi. Kijana wa gereji alitaka kushika ile fimbo ya kromu na plaisi ili nati ya juu isizunguke, nikamwambia "kaka hebu ngoja", manake mkwaruzo mmoja pale unakata sili na mafuta yanaanza kutoka. Na bolti ya chini ikazwe kabisa gari ikiwa imekanyaga chini kwa uzito wake, ukikaza ikiwa inaning'inia raba ya bushi inabaki imejipinda na itachanika upesi.

Barabarani sasa. Nyali Bridge mpaka Bamburi iko shwari, kona haiyumbi, nikiwa nimepakia inashuka lakini haigongi. Kwenye kabro za mjini unasikia kila kiungo, ni ngumu, mama analalamika na ana haki. Feri ya Likoni bado ni mtihani maji yakitoka, rampu inakuwa na mwinamo mkali na saileensa inakwaruza nikiwa na mzigo, hapo hakuna shoksi ya kukusaidia, unaingia kwa upande upande polepole au unangoja maji yajae. Chumvi nayo haina huruma, rangi ya springi kule chini imeanza kutoka kidogo, mimi napiga maji baridi yasiyo na chumvi chini ya gari kila nikitoka upande wa baharini.

Kama kazi yako ni kubeba mizigo mizito kila siku, mfano magunia, usishushe nyuma kabisa, weka springi za kiwandani mpya na shoksi mpya. Wa safari za familia na kazini kama mimi, hii seti nunua, ila anza na springi, pima imeshuka milimita ngapi, ndipo uchague shoksi.